Mzee wa Pongwe

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Mama yako hajambo, na ule mguu umepoa. Kwenye simu nilikwambia "utaweza" tu, maana mama yako alikuwa ameshanyoosha mkono anaitaka simu yake. Sasa niseme vizuri. Redio ya mtaani kwenu imekupa besiboli uitangaze, nawe hulali kwa kuuhofia ulimi wako.

Unamkumbuka Ernie Harwell, yule mtangazaji wa besiboli redioni? Wewe ulikuwa unamwita babu wa kwenye gari. Mwaka 1999, nilipofika Detroit huko Marekani, nilikuwa nasambaza mikate usiku, na redio ya gari lile ilishika stesheni moja basi. Besiboli sikuijua. Niliona watu wazima wamesimama wanatema mate. Lakini mzee yule hakuwa na haraka. Alitaja matokeo, akanyamaza, ukasikia watu wakivuma uwanjani, kisha gongo la mpigaji: ta! Ndipo akaendelea. Mpigaji akiuacha mpira mzuri umpite, Harwell alisema amesimama kama nyumba kando ya barabara. Nilicheka peke yangu kwenye taa nyekundu, dereva wa pembeni akanitazama.

Mpira ukiangukia jukwaani, alisema umedakwa na bwana wa Ypsilanti, au mama wa Saginaw. Miji ya Michigan, jimbo lenye Detroit, nimeijua hivyo. Nikawa nashangaa, huyu mzee anawajuaje watu wote hawa? Kumbe alikuwa anabuni! Nilipoambiwa niliona haya kidogo, halafu nikampenda zaidi.

Kila mwaka, kwenye mechi ya kwanza ya matayarisho, alisoma Wimbo Ulio Bora, pale pasemapo baridi imepita na sauti ya hua imesikika. Nikafungua Biblia yangu nikakuta wafasiri wetu wameandika "kaskazi imepita". Kaskazi! Kwetu Pongwe, Tanga, kaskazi ni jasho na feni. Mimi asubuhi ile nilikuwa nakwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Basi, ulimi. Harwell alikulia Georgia na ulimi mzito, watoto wenzake wakimcheka, hadi nyumbani kwao wakamtafutia mwalimu wa kumfundisha kusema. Ndiyo sauti ile ile. Mwaka 1948 timu ya Brooklyn Dodgers ilipomtaka, timu ya Atlanta iliyokuwa naye ikadai mchezaji, ikapewa mdakaji Cliff Dapper. Mtangazaji kabadilishwa kama mbuzi kwa magunia ya mahindi! Baada ya msimu wa 1991 Tigers, timu ya Detroit aliyokuwa akiitangazia, wakamwondoa, watu wakaja juu, 1993 akarudi. Na 2002, msimu wake wa mwisho, Tigers wakafungwa mechi 106. Unajua mara ngapi niliizima redio ile kwa hasira. Yeye kila jioni alikuja na sauti ya mtu aliyealikwa harusini.

Septemba 2009 alisimama uwanjani, miaka 91, saratani imeshamshika na tiba hakuna. Alishukuru tu: Mungu kwa safari aliyompa, watu wa Michigan kwa kumpenda. Maneno machache, chai isingepoa. Mei iliyofuata akafariki, jeneza likawekwa uwanjani, tukapanga foleni mimi na wewe. Uliniuliza kwa nini namlilia mtu asiyetujua. Sikukujibu, koo lilikuwa limekaba. Mwanangu, misimu minne mtu yule alinifikisha nyumbani usiku, katika mji ambao hakuna aliyekuwa akiniita kwa jina. Hakujua, wala sikupata kumwambia asante.

Jumamosi mnaanza saa kumi alasiri, huku itakuwa saa tano usiku. Bando nimeshanunua, na mama yako kasema atakesha, ingawa namjua, atasinzia. Nina ombi moja. Mpira ukienda jukwaani, sema umedakwa na mzee wa Pongwe.

Baba yako