Mikono yangu haijaandikwa popote, ndiyo maana naitwa mtegemezi

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kariobangi Light Industries, na mke wangu ni muuguzi. Agosti 2025 tuliingia katika ofisi moja ya mawakala wa ajira katikati ya jiji, ghorofa ya nne, tumevaa kama watu wanaokwenda arusini. Dada aliyetuhudumia alichukua faili ya mama watoto, akaipitia ukurasa kwa ukurasa huku akitabasamu. Kisha akanigeukia. "Na wewe mzee, digrii yako iko wapi?" Nikamwambia sina. "Diploma?" Sina pia. Nina Grade III ya mtihani wa serikali wa mafundi niliyofanya 2011, na miaka kumi na saba ya kazi. Akafunga kalamu. "Sawa. Wewe tutakuandika mtegemezi."

Tukishuka ngazi mama watoto aliniuliza jambo moja tu: "Umeona alivyofunga kalamu?" Nilikuwa nimeona.

Nakuandikia, Mhariri, kwa sababu najua si mimi peke yangu. Hapa Nairobi kuna nyumba nyingi ambamo mmoja amesoma na mwingine amefanya kazi ili yule asome. Nilipomwoa mama watoto 2013 alikuwa na diploma ya uuguzi. Alipotaka kurudi chuoni kusomea digrii, karo ilitoka kwenye mashine yangu. Nilitengeneza mageti Ruai, Kamulu, Utawala. Kuna geti moja Utawala, la futi kumi na nne, lenye maua ya chuma juu, ambalo mwenyewe alinilipa taslimu siku niliyolisimamisha. Pesa zile hazikulala nyumbani hata usiku mmoja. Zilikwenda kulipa muhula wake wa mwisho. Nikipita pale hadi leo huliangalia. Sasa naomba mtu anieleze, katika nyumba hii ni nani aliyemtegemea mwenzake?

Najua neno hilo limetoka kwenye fomu za visa, na huyo dada hakulibuni. Hata sheria zenyewe nimezisoma, maana niliona aibu kuulizwa mambo ya familia yangu nisiweze kujibu. Uingereza, muuguzi aliyeajiriwa kwa visa ya wafanyakazi wa afya anaruhusiwa kwenda na mume na watoto, na mume huyo anaruhusiwa kufanya kazi karibu yoyote ile, hata kujiajiri. Hawalipi ile ada ya afya wanayotozwa wageni wengine. Mwajiri asipowadhamini kwa upande wa matunzo, lazima waonyeshe benki pauni 285 za mwenzi, 315 za mtoto wa kwanza na 200 za mtoto wa pili, zikae siku 28 bila kuguswa. Kwetu sisi hizo ni pauni 800, mbali na zake mwenyewe. Si kidogo, lakini ni mlango ulio wazi.

Kwa wengine mlango huo umefungwa. Tangu tarehe 11 Machi 2024 wale wanaokwenda huko kutunza wazee hawaruhusiwi kuandamana na mwenzi wala watoto. Tarehe 22 Julai 2025 wakaacha kabisa kuajiri watunzaji kutoka nje, na visa ya kazi ya ujuzi wakaipandisha hadi kiwango cha digrii. Zipo kazi chache za chini ya kiwango hicho zilizoachwa kwenye orodha maalumu, lakini anayeingia kupitia hizo sasa anakwenda peke yake. Maana yake kwa lugha ya hapa bandani ni kwamba kama kazi yako ni ya digrii unakwenda na familia, na kama ni ya mikono unaiacha nyumbani. Mambo ya Ghuba tunayajua wote. Jirani yangu wa banda la tatu mkewe alikwenda Saudia kufanya kazi ya nyumba, mkataba wa miaka miwili, na mtoto wao mdogo alimwita mamake "shangazi" aliporudi.

Uingereza ni nchi yao, na ni haki yao kutunga sheria wanazozitaka. Ninachouliza ni kwa nini sisi hapa nyumbani tunawapeleka watu wetu bila kuwaandalia karatasi zinazosema ukweli kuwahusu.

Angalia jambo hili. Mama watoto ana digrii, ana leseni ya Baraza la Wauguzi, amefanya mtihani wa Kiingereza na ule wa uuguzi unaofanywa kwa kompyuta. Pamoja na hayo yote, akifika kule atawekwa mbele ya kitanda na wakaguzi, afanye mtihani wa vitendo: anawe mikono, apime presha, atoe dawa, aandike. Digrii yake imemfikisha mlangoni, halafu wanapima mikono. Kazi yangu nayo ni hivyo hivyo. Mchomeleaji anayetaka kazi ya mabomba katika viwanda vya ng'ambo hupewa bomba lililofungwa kwa mshazari wa nyuzi 45, lisilozungushwa, naye alizunguke mwenyewe, juu, chini na ubavuni. Wenyewe huiita 6G. Mkaguzi huangalia mshono kwa macho, kisha hupigwa eksirei au hukatwa vipande na kukunjwa. Kipande kikipasuka, umefeli. Cheti chenyewe, kile kinachofuata kiwango cha ISO 9606, hakiulizi ulisoma shule gani. Kinasema ulichomelea chuma gani, unene gani, kwa njia gani, na mwajiri wako anapaswa kuthibitisha kila miezi sita kwamba bado unaifanya kazi hiyo.

Nilipolijua hili nilikasirika kuliko siku ya ile kalamu. Miaka yote hiyo nilidhani ninachokosa ni chuo kikuu. Kumbe ninachokosa ni mtihani ambao ningeweza kuufanya kwa mikono hii hii, na hakuna aliyewahi kuja hapa Kariobangi kuniambia.

Badala yake waliokuja ni wengine. Wiki mbili baada ya kutoka ile ofisi nilipigiwa simu na mtu ambaye hadi leo sijui alipataje namba yangu. Akaniambia kwa shilingi 85,000 naweza kuwa na digrii ya uhandisi, yenye muhuri, na jina langu likasomeka vizuri kabisa. Nilikata simu. Naomba wanaume wenzangu, na kina dada pia, wakate simu hizo. Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza mapema 2024 kwamba vyeti zaidi ya 2,000 vya wafanyakazi wa umma vilikuwa ghushi, na hiyo ni hapa nyumbani. Kule ubalozini ukikamatwa na karatasi bandia huzami peke yako. Unamzamisha na mke aliyekesha miaka akisoma kihalali. Nami siwezi kuwaeleza watoto wangu kwamba mama yao alikosa kazi kwa sababu baba aliona haya kuitwa fundi.

Na ile ofisi ya ghorofa ya nne, ilitaka 150,000 "za kufungua faili". Tulitoka tukasoma kwamba kanuni za Uingereza za kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje haziruhusu wakala kumtoza muuguzi ada ya kutafutiwa kazi. Hatukurudi. Kabla ya kutoa hata shilingi, ulizia kwanza kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama wakala huyo ana leseni.

Kuna dada mmoja msusi, mteja wa mama watoto wa siku nyingi, ambaye mumewe ni mtaalamu wa kompyuta na walikuwa wakitafuta njia ya Kanada. Naye alikuwa amekata tamaa kwa kuwa aliishia kidato cha nne. Walipokaa chini wakasoma ile hesabu ya alama ambayo Kanada huitumia kuchagua wahamiaji, wakakuta kwamba elimu ya mwenzi haizidi alama 10, ilhali mtihani wa lugha wa mwenzi unaweza kuleta hadi 20. Yaani msusi akifanya vizuri Kiingereza au Kifaransa analeta alama nyingi kuliko ambazo digrii yenyewe ingeleta. Alijiandikisha darasa la jioni wiki ile ile. Sijui watafika lini, kwa kuwa hata huko tangu Januari 2025 vibali vya kazi vya wenzi wa wafanyakazi vimebanwa, lakini nilimwona akitembea tofauti.

Na cheti cha ndoa, jamani. Sisi tulioana kwa mila, mbuzi za ntheo, zile za kufunga ndoa kwa mila ya Wakamba, zikapelekwa Machakos, wazee wakala, wakabariki. Kwa ukoo wetu hilo limekwisha. Kwa afisa wa visa ni hadithi. Tangu Agosti 2017 ndoa za kimila zinaweza kusajiliwa rasmi chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, lakini sisi tulikuwa tumelala hadi tulipohitaji. Tulizunguka kutafuta barua ya chifu na kuleta wazee wa pande zote mbili watie saini, mmoja wao anatembea kwa mkongojo. Wenye ndoa kama yetu wasisubiri hadi siku ya faili.

Sasa ombi langu kwa serikali. Kila mwaka tunasikia hesabu ya pesa zinazotumwa nyumbani na walioko ng'ambo, karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Mkataba wa wauguzi na Uingereza ulitiwa saini Julai 2021. Ule wa Ujerumani, wa wafanyakazi kwa jumla, ulitiwa saini Berlin Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela Scholz wakiwapo. Mikataba hiyo ni mizuri, lakini humwangalia mtu mmoja mmoja, ilhali wanaoondoka wengi wana mtu nyumbani. Kenya tayari ina njia ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini, chini ya KNQA, mamlaka ya kutambua sifa za kitaaluma iliyoundwa na sheria ya 2014, na mitihani ya mafundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ya Grade III hadi Grade I humpima hata fundi ambaye hakupita chuoni. Naomba mitihani hiyo iletwe kwenye mabanda: Kariobangi, Kamukunji, Gikomba, siku ambayo fundi hapotezi kibarua cha kulisha watoto. Naomba pia serikali igharimie wakaguzi wa viwango vya kimataifa waje kupima mishono yetu hapa hapa. Na ofisi inayosajili wauguzi wa kwenda nje imuulize kila muuguzi: mwenzako anafanya kazi gani, na ana karatasi gani ya kazi hiyo? Ni swali la dakika moja. Laiti lingeulizwa mwaka 2021, mimi leo ningekuwa na cheti.

Mtu ataniambia: si unaruhusiwa kufanya kazi kule hata bila cheti? Ninaruhusiwa. Shemeji wangu mmoja ameshanipangia kuosha vyombo hotelini, na sidharau kazi hiyo. Lakini visa yangu itaning'inia kwenye ya mama watoto. Kazi yake ikisimama, kwa kawaida hupewa siku 60 atafute nyingine au tuondoke wote. Katika siku hizo 60, fundi mwenye cheti cha mabomba na fundi asiye na karatasi hawalali usingizi mmoja.

Tumekwisha kukubaliana. Mama watoto anatangulia Januari. Mimi na watoto tunabaki hadi apite ule mtihani wake wa vitendo, nami wakati huo nitakuwa nikifanya wangu. Grade II nimeshajiandikisha, na kwa ile 6G nimepata mzee mmoja aliyefanya kazi ya mabomba ya mafuta Mombasa ambaye hunifundisha Jumapili baada ya ibada, bila malipo. Amenifungia kipande cha bomba kwenye nguzo ya banda, nyuzi 45 kamili, amepima mwenyewe. Kila jioni wateja wakishaondoka nalichomelea kulizunguka, nalikata, nakunja vipande kwenye jiliwa, natazama kama vimepasuka. Juzi upande wa chini ulipasuka tena. Wa juu umeshika.

Fundi wa kuchomelea,
Kariobangi, Nairobi