Halima, soma hii kabla hujaongea na Mzee Kombo

Rafiki yangu Halima,

Salamu nyingi. Huku wazima, watoto wanakuamkia. Najua nimekaa kimya mno na maneno umeniwekea. Yaweke akiba, utanigombeza tukionana. Leo nina shida.

Ukuta wa mashariki wa mgodi wetu wa shimo la wazi umepasuka. Nyuma ya ukingo wa benchi ya juu, ile ngazi ya juu iliyokatwa ukutani, kuna ufa unaofuata ukingo, mwembamba, kidole hakipiti lakini kalamu inazama yote. Nimepigilia vigingi huku na huku, kila asubuhi napima kwa utepe. Unapanuka. Ikinyesha unaongeza mwendo, kukikauka unatulia, kisha unaanza tena hata bila mvua, na hapo ndipo usingizi uliponiruka.

Nimepeleka taarifa, nikaulizwa, "Mbona chini kukavu?" Kweli kukavu. Pampu za sakafuni zinanguruma usiku na mchana, malori hayakanyagi tope, kila mgeni anayeletwa kutazama anasifia. Lakini wewe na mimi tunajua maji yanayoangusha ukuta si yale yanayoonekana. Unaukumbuka ule mpasuko wa kale uliojaa udongo wa mfinyanzi, ule ambao Sefu aliupaka waridi kwenye ramani tukamcheka? Ndio huo. Haupitishi maji. Pizomita, kile kipimo cha presha ya maji ardhini, iliyo mbele yake imeshuka vizuri tangu pampu kubwa ziwekwe. Ya nyuma yake haijatikisika. Ukuta una maji mgongoni, sisi tunakausha miguu.

Nikawapigia hesabu. Ufa wa kina cha mita 10 ukijaa maji, unasukuma karibu tani 50 kwa kila mita moja unayotembea ukingoni. Wa mita 20 si tani 100, ni karibu 200. Na hapo sijagusa presha inayopenya kwenye tabaka dhaifu chini, ikaunyanyua mwamba na kuula msuguano unaoushikilia. Mambo ya Terzaghi haya, baba wa elimu ya mekanika ya udongo, si ya kwangu. Nikajibiwa: "Tuna rada."

Haya, rada, ile inayopima mwendo wa ukuta. Wakanitajia mgodi wa Bingham Canyon, kule Utah, Marekani. Ni kweli, tarehe 10 Aprili 2013 vipimo vilikuwa vimeshaonyesha ukuta unatembea, watu wakaondolewa mapema, hakuna aliyeumia. Kazi nzuri, siibezi. Lakini ukuta ulishuka vilevile, tena mara mbili siku hiyohiyo, na mitambo ikafukiwa. Rada inakuambia ukimbie. Haitoi maji hata tone.

Kuna mwingine (humjui, bahati yako) anataka tunyunyizie zege uso mzima wa ukuta, juu yake wavu na nondo. Nikamuuliza matundu ya kutolea maji yatakuwa wapi. Akasema yataharibu muonekano. Muonekano, Halima!

Ninachotaka mimi si kikubwa. Tuchoronge mashimo ya mlalo kutoka benchi ya chini, yapande kidogo kadiri yanavyoingia ili maji yatoke yenyewe, yavuke ule udongo, ndani tuweke mabomba yenye matundu. Visima viwili vitatu nyuma ya ukingo. Na safu ya mwisho ya baruti ipunguzwe, maana kila mlipuko unalegeza kile tunachohangaika kukishika. Mtaro wa juu vijana wameshauzibua, na ufa wameuziba kwa udongo wa kushindilia mvua isiingie. Hilo halikuhitaji saini ya mtu. Kulaza ukuta nyuzi chache nako kungesaidia, ila maana yake ni kuondoa mwamba mwingi usio na mbale, na ukilitaja tu kikao kinakwisha.

Sasa ombi. Mzee Kombo anakusikiliza wewe kuliko sisi wote. Nakutumia vipimo vya pizomita na vya vigingi. Ile grafu ya Fukuzono, ya kukisia ukuta utaanguka lini, nimeanza kuichora, ila nukta bado chache, mstari unaweza kuelekea popote, usimwonyeshe hiyo. Mwonyeshe pizomita mbili, ya mbele na ya nyuma, kwenye karatasi moja. Usimpe na jingine, atakimbilia kuuliza gharama.

Na wewe niambie: yale mashimo yenu ya mlalo mliyapeleka ndani kiasi gani, na mliyaachanisha vipi? Yalipovuka udongo, hayakubomoka kabla ya kuingiza bomba? Kutu haikuziba matundu? Maji yalipoanza kutoka, presha ilishuka lini, siku zilezile au mlisubiri? Pizomita za waya mlizobakiza, naweza kuazima hata mbili? Goti la mama linaendeleaje? Na ile mashine ndogo ya kuchoronga, bado iko kwenu au Sefu ameshaichukua?

Wako,
Juma