Miche ya vipepeo, Jumamosi

Habari za asubuhi wanakikundi. Miche ya kulisha viwavi wa vipepeo iko tayari. Njooni Jumamosi saa mbili asubuhi, pale pale chini ya mwembe, kila mtu na mfuko wake wa maziwa uliotobolewa, wa kuwekea mche.

Tumeotesha mijafari, na ule mtambaa wenye utomvu mweupe na matunda ya miiba laini. Najua wengine mwauita gugu. Uacheni upande kwenye ua wa nyumba: kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi hutaga hapo, na viwavi wake wakishakula majani yale, ndege hawawataki.

Maua peke yake hayatoshi jamani. Kipepeo anakunywa kwenye ua, lakini kiwavi anataka jani lake maalumu. Wakulima wanaouza pupa (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo) kwa mradi wa Kipepeo hapo Gede, tangu 1993, wanalijua hilo vizuri.

Na yule mzee aliyepuliza dawa mndimu wake (simtaji!): vile alivyoviona kwenye majani havikuwa vinyesi vya ndege, ni viwavi wachanga. Mguse mmoja taratibu, atakutolea vijipembe viwili vyenye harufu kali. Mndimu utachipua tena.

Asiyeweza kufika amtume mtoto.