Fuvu la kichwa liachieni sumu

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa mtunza stoo kwenye ghala la kemikali kwa miaka 11. Kila anapokuja kibarua mpya, kazi yangu ya kwanza ni kumsimamisha mbele ya rafu nimwonyeshe alama. Hii ya mwali wa moto, sigara marufuku. Hii ya kimiminika kinachodondokea mkono, vaa glavu. Nikifika kwenye fuvu la kichwa lenye mifupa miwili iliyopishana, huwa sina haja ya kueleza. Hata asiyejua kusoma anarudisha mkono nyuma.

Mwezi uliopita, nyumbani kwangu, alama hiyohiyo ilisema jambo jingine kabisa. Mwanangu wa miaka minne alirudi kutoka sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake akiwa na kipakiti cha peremende, cheusi, kinang'aa, katikati kimechorwa fuvu jeupe lenye macho mekundu na mifupa chini ya kidevu. Peremende zenyewe nazo zilikuwa na umbo la fuvu. Alizila zote, ulimi ukageuka kijani, na pakiti tupu akakataa isitupwe. Akalala nayo chini ya mto. Siku ya tatu nikamkuta amechuchumaa nyuma ya mlango, kopo la sumu ya panya mkononi. Hakuwa amelifungua. Alikuwa analitikisa karibu na sikio, asikilize kama zimo.

"Baba," akaniambia, "na hizi ni za fuvu."

Kopo lile nililishusha mimi kutoka juu ya kabati na nikasahau kulirudisha. Kosa hilo ni langu, simsingizii mwenye kiwanda, na sasa linakaa kwenye sanduku la kufuli. Mtu anayefundisha wenzake usalama kila wiki kisha anaacha sumu sakafuni hana pa kuficha uso. Lakini mtoto hakulifuata kopo kwa utundu tu. Alilifuata kwa sababu alikuwa amejifunza kusoma ile picha, na akaisoma sawasawa kama alivyofundishwa na pakiti ya peremende.

Nieleweke mapema kwamba sina ugomvi na mazimwi yanayochorwa kwenye vifungashio vya chakula, nisije nikahesabiwa pamoja na wale wanaotaka kila kitu cha mtoto kichorwe sungura anayetabasamu. Watoto wanapenda kuogopa, ilimradi woga wenyewe uwe na mpini wa kuushika. Zimwi lililochapwa kwenye boksi halina ujanja: mtoto akichoka nalo analigeuza uso ukutani. Kampuni ya General Mills ya Marekani ililijua hilo tangu mwaka 1971, ilipoingiza sokoni nafaka mbili za kifungua kinywa, Count Chocula yenye mnyonya damu na Franken Berry yenye jitu la rangi ya waridi. Baadaye likafuata zimwi la buluu, Boo Berry. Ni zaidi ya miaka 50 sasa, na waliokula nafaka hizo utotoni leo wanawanunulia wajukuu.

(Hata hivyo Franken Berry ilileta kihoja chake. Mwaka 1972 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, liliripoti habari za mvulana wa miaka 12 aliyelazwa hospitali kwa siku nne kwa sababu choo chake kilikuwa chekundu, ikidhaniwa anavuja damu. Ilikuwa rangi ya nafaka tu, isiyosagika tumboni. Nawaza wazazi wake usiku ule wa kwanza.)

Kwa watoto wadogo sana ningeomba hata mazimwi yachorwe kwa upole. Mtoto wa umri wa chekechea hutishwa zaidi na sura ya kitu kuliko na maelezo unayompa kuhusu kitu hicho. Umwambie mara mia kwamba ni karatasi, yeye anaona meno. Mkubwa wa miaka tisa au kumi anaweza kulicheka jini la kwenye boksi, kisha akakosa usingizi kwa habari ya tetemeko aliyoisikia redioni. Kwa hiyo picha moja haiwafai wote. Lakini hilo nawaachia wazazi, kila mmoja anamjua mwanawe. Anayeota ndoto mbaya atanunuliwa boksi jingine.

Fuvu ni habari nyingine, kwa kuwa fuvu lina kazi. Katika mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha na kuwekea kemikali lebo, toleo lake la kwanza likiwa la mwaka 2003, fuvu na mifupa ndani ya mraba uliosimama kwa pembe, wenye ukingo mwekundu, huwekwa kwenye vitu vinavyoweza kuua kwa kumezwa, kuguswa au kuvutwa kwa pumzi. Haliwekwi ovyo. Kemikali yenye madhara madogo zaidi hupewa alama ya mshangao badala yake. Wataalamu walikaa wakabishana lini lichorwe na lini lisichorwe, halafu mchora vifungashio akaliweka kwenye peremende kwa sababu linapendeza likiwa juu ya rangi nyeusi.

Na tatizo hili si geni. Mwaka 1971, mwaka uleule wa Count Chocula, hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, ilibuni kibandiko kipya cha sumu: uso wa kijani kibichi uliokunjamana, ulimi nje, kama wa mtu anayetaka kutapika. Wakauita Mr. Yuk. Sababu yao ilikuwa kwamba watoto walilihusisha fuvu na maharamia na michezo, na mjini kwao hata timu ya besiboli inaitwa Pirates, yaani maharamia. Alama iliyowekwa ifukuze ilikuwa inaita. Kwa haki niongeze kwamba utafiti wa miaka iliyofuata uligundua hata ule uso wa kijani hauwazuii watoto wachanga. Wengine hata ulionekana kuwavutia. Kibandiko hakijawahi kuwa mbadala wa kufuli. Hilo nimelijua kwa aibu.

Kuna atakayesema basi, kama alama haimzuii mtoto mchanga, ya nini kuililia? Naililia kwa sababu mtoto hukua. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake walichapisha jaribio ambalo huwasimulia vibarua wangu kila mara. Watu wazima walionyeshwa sukari ikimiminwa ndani ya chupa mbili, wakapewa lebo mbili wazibandike wenyewe kama wapendavyo: moja imeandikwa sukari, nyingine imeandikwa sianidi, sumu. Halafu wakaombwa waonje maji yaliyotiwa sukari ya kila chupa. Walijua zote ni sukari, lebo waliibandika kwa mikono yao, na bado wengi walisitasita mbele ya ile ya sumu.

Vibarua hucheka hapo, na mimi huwaambia wasicheke, kwani kusita kule ndiko kunakotulinda humu ghalani. Hatukuzaliwa nako. Kumejengwa polepole, kila tulipoiona alama ya sumu ikiwa mahali pa sumu na si kwingine. Mwanangu ndiyo kwanza anaanza kujenga kwake, na tofali la kwanza alilopewa lilikuwa tamu.

Shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, IAEA, liliheshimu jambo hili. Lilipotaka alama mpya ya vyanzo hatari vya mionzi, iliyotangazwa mwaka 2007, halikumpigia simu mchoraji mmoja likamaliza. Alama ilijaribiwa kwa watu wapatao 1,650 katika nchi 11, Kenya na Brazili zikiwamo, wakiwamo watoto na watu ambao hawajasoma. Matokeo yake ni pembetatu nyekundu yenye mionzi juu, mtu anayekimbia, na fuvu na mifupa. Fuvu lilibaki kwa sababu ndilo lililoeleweka kuwa kifo bila kuhitaji neno hata moja.

Wenye viwanda hujibu kwamba ni mzaha na kila mtu anajua. Mzaha nao wakati mwingine huumbuka. Kuna peremende kali za uchachu ziitwazo Toxic Waste, yaani taka za sumu, zinazouzwa ndani ya vikopo vyenye umbo la pipa la kemikali. Januari 2011 aina yake moja ya kutafuna iliondolewa sokoni Marekani baada ya ile ya ladha ya cheri kupimwa na kukutwa na madini ya risasi sehemu 0.24 kwa milioni, ilhali kiwango kinachovumiliwa kwenye peremende ni 0.1. Mimi ninayeishi na mapipa ya kweli sikujua nicheke au nisonye.

Na fuvu halipo peke yake. Nimeona vinywaji vyekundu ndani ya mfuko kama wa damu ya hospitali, jeli ndani ya bomba la sindano, unga wa sukari ndani ya kichupa cha maabara. Bomba la sindano ndilo linalonikera kuliko yote baada ya fuvu, kwa sababu sindano zilizotumika huokotwa na watoto, na mtoto aliyekwisha kunyonya utamu kwenye bomba ataweka nini mdomoni akiokota jingine?

Cha kushangaza, upande wa pili wa sarafu sheria imeshauona. Mwaka 1987 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipitisha agizo namba 87/357, lililotumika hadi Desemba 2024, lililokataza kitu kisicho chakula kufanana na chakula kwa sura, harufu au kifungashio kiasi cha kumfanya mtu, hasa mtoto, akitie mdomoni. Chini yake hukuweza kuuza sabuni inayofanana na keki ikiwa mtoto anaweza kuimeza akadhurika. Hilo tumekubaliana. Kinachonishinda kuelewa ni kwa nini chakula kinachofanana na sumu kionekane hakina neno, wakati kosa la mtoto ni lilelile, ila anaanzia upande mwingine wa rafu.

Wala mtu asiniambie kwamba picha za vifungashio haziguswi. Chile, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2016, iliondoa vikaragosi kwenye vyakula vya watoto vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi. Meksiko ikafuata mwaka 2021. Chui milia na duma mashuhuri wa kwenye maboksi walifutwa, na maboksi yakaendelea kuuzwa. Ninachoomba mimi ni kidogo mno kuliko hicho: mashirika ya viwango yaongeze mstari mmoja kwenye kanuni za lebo za vyakula, kwamba alama rasmi za hatari, na vitu vinavyoziiga kwa karibu, visichapwe kwenye chakula cha aina yoyote. Popo wabaki, buibui wabaki, mizuka ya shuka jeupe ibaki. Mchoraji mwenye kipaji hatakosa cha kutishia.

Ile pakiti nyeusi niliichukua chini ya mto mwanangu akiwa amelala, na anaiulizia mpaka leo. Ipo kwenye droo yangu kazini. Juzi alipokuja kibarua mpya niliitoa, nikaikunja jina la peremende lisionekane, nikamuuliza hii ingekaa rafu gani. Akanyoosha kidole rafu ya sumu, bila kufikiri.

Mtunza stoo na baba wa mtoto mmoja