Msumeno na Mkono

Mwanangu,

Pesa ya mbolea imefika, mama yako anashukuru. Ila kuna neno uliliacha hapa Krismasi na mpaka leo halijanitoka. Tulikuwa tukiongea habari za misako ya watu wasio na vibali, ukasema, "Baba, sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." Nilinyamaza kwa kuwa wajomba zako walikuwepo.

Aprili 2014, baada ya mabomu ya Eastleigh, ule mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, nami nilikuwa askari polisi kwenye ule msako wa Usalama Watch. Watu kama 4,000 walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Wapo waliokaa ndani siku kadhaa, na Katiba tuliyoiapia inataka mshukiwa afikishwe kortini katika saa 24. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 haitaji mtaa wala kabila: ukikaa nchini bila kibali, faini hadi shilingi 500,000 au kifungo hadi miaka 3. Lakini lori nililopanda mimi halikukata kona hata mara moja kuelekea Lavington, kwa matajiri. Na wenye kitu kidogo walishuka kabla halijajaa. Hilo unalijua, nisikupotezee wino.

Wiki hiyo hiyo Mzungu mmoja alikuja kituoni kuripoti simu iliyoibwa. Nilipofungua pasipoti ninakili namba, nikaona viza imeisha miezi saba nyuma. Nilimwambia apitie uhamiaji akipata nafasi. Akipata nafasi! Tena nilimvutia kiti.

Usiku wake tulibisha mlango wa ghorofa ya tatu. Akafungua ajuza wa Kisomali, kanga begani, mkononi mfuko wa plastiki uliofungwa kwa raba. Akatoa kitambulisho cha Kenya. Mwenzangu akasema ni cha kununua. Akatoa tena kadi ya rangi ya waridi, ile waliyopewa Wakenya wa asili ya Kisomali baada ya kupigwa msasa mwaka wa 1989. Ilikuwa imechakaa pembe, picha imefifia. Nilijua ni halali. Niliigeuza mara mbili chini ya tochi kama mtu asiyejua kusoma.

"Mwanangu," akaniuliza, "hiki mlitupatia nyinyi. Sasa mnataka kipi?"

Sikumjibu. Nilimshika mkono ashuke ngazi, kulikuwa giza, na kwenye lori nikambeba, maana alishindwa kupanda.

Baba yako