Martignac hakuwa dhaifu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya historia Jumapili iliyopita ilimpitia Martignac kwa sentensi moja tu: waziri dhaifu aliyeshindwa kazi chini ya Mfalme Charles X wa Ufaransa. Nimefundisha historia kidato cha tano na sita kwa miaka 31. Naomba nafasi nimtetee.

Villèle, waziri mkuu wa wakati huo, aliposhindwa uchaguzi wa 1827, mfalme alilazimika kutafuta watu wa msimamo wa kati. Januari 1828 Martignac, wakili wa Bordeaux, akapewa Wizara ya Mambo ya Ndani. Cheo cha kuongoza baraza la mawaziri hakupewa, ingawa ndiye aliyebeba mzigo wote bungeni. Kwa miezi 19 aliyokaa, magazeti yaliondolewa sharti la kuomba kibali cha serikali kabla ya kuanzishwa, na wanazuoni Guizot na Cousin, waliokuwa wamezuiwa kufundisha, wakarudi Sorbonne, chuo kikuu cha Paris. Udhaifu uko wapi hapo?

Siku iliyommaliza ni 8 Aprili 1829. Alikuwa amepeleka bungeni miswada miwili ili madiwani wa miji na wa mikoa wachaguliwe badala ya kuteuliwa. Waliberali wakaona wapiga kura waliopendekezwa ni wachache mno, wakaurekebisha mswada wa mikoa wapendavyo. Wabunge wa upande wa kulia, watetezi sugu wa ufalme, wangeweza kumwokoa. Hawakupiga kura. Siku hiyohiyo miswada yote miwili ikaondolewa, na mfalme, ambaye tangu mwanzo hakuwa na imani na baraza lake mwenyewe, akapata sababu aliyoitaka. Agosti akamwondoa Martignac na kumleta Polignac, mtetezi sugu wa ufalme. Haukupita mwaka, Paris ikajaa vizuizi vya waasi mitaani na Charles akakimbilia Uingereza.

Mwandishi wenu aliishia hapo. Mimi darasani sikuwahi kuishia hapo. Desemba 1830 Polignac alisimamishwa kizimbani mbele ya baraza la juu la bunge kwa maamuzi ya serikali yake yaliyozua uasi huo, na umati nje ukitaka auawe. Aliyesimama kumtetea ni Martignac, yuleyule aliyeondolewa ili Polignac akalie kiti. Polignac alihukumiwa kifungo cha maisha, shingo yake ikapona. Martignac alifariki 1832.

Naomba neno "dhaifu" lisahihishwe katika toleo lijalo.

Mwalimu mstaafu,
Tanga