Moto hauui mathenge

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka kumi na sita bila kuwaandikia. Lakini ile taarifa yenu ya malisho ya Baringo, yenye picha ya vijana wameshika vijinga na kichwa cha habari kwamba mathenge, mti wa miba uliovamia malisho yetu, sasa umepata dawa, yaani moto, imenishinda kunyamazia.

Mti huu uliletwa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2006 wenzetu walimfikisha mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi, ijulikane maganda ya mti huu yanavyoozesha meno. Kama moto ungeumaliza, tusingefika huko.

Februari mwaka jana jirani yangu alichoma kichaka chake, kwa nia njema. Upepo wa saa nane ukavusha moto hadi kwenye ekari zangu mbili za senkrasi, nyasi nilizopanda kwa mkono na kuzizungushia ua wa miba, ambazo mbegu zake ndizo karo ya wanangu. Moto ukipita haraka, nyasi hizi huungua majani tu. Ila kando ya ua magogo ya mathenge yaliwaka usiku kucha, udongo ukaiva, na hapo kila shina nililovuta liliniachia mkononi, halina uhai. Kwingine zilichipua. Mvua ikachelewa, ua ulikuwa umeteketea, mbuzi wakaingia wakazila chipukizi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi mizizi ikaishiwa nguvu. Na mathenge? Kisiki kimoja kilichoungua kikawa jivu juu nilikihesabu machipukizi kumi na manne kabla ya tone la mvua! Macho yake ya kuchipulia yako chini ya udongo, na mizizi yake inakunywa kule ambako nyasi hazifiki.

Wachoma makaa nao hukata usawa wa goti, wakapakia lori, wakatuachia visiki. Shina moja linarudi kichaka.

Pendekezo langu ni hili: lori lisiondoke Marigat mpaka kila gunia la makaa lilipiwe kwa visiki vitano vilivyochimbuliwa sentimita 30 chini ya ardhi, vihesabiwe na mzee wa kijiji barabarani. Mashimo yapandwe nyasi, na mifugo izuiwe misimu miwili.

Mpiga picha wenu akirudi, aje kwangu. Kile kisiki kiko hatua arobaini kutoka mlangoni. Sasa kimenipita urefu.

Mkulima wa nyasi,
Marigat, Baringo